Paa la Mwenyewe

Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa bahari, na kila mwenye nyumba mtaani alikuwa ameinua shingo kukagua bati lake, isipokuwa Mwenyewe. Yeye alikuwa ameligeuzia paa mgongo, brashi mkononi, anapaka ukuta wa mbele rangi ya chungwa.

Jina hilo alipewa na mtaa. Bomba likipasuka nyumbani kwake alisema, "Fundi wa nini? Mimi mwenyewe nitaziba." Kitasa kikigoma, yeye mwenyewe. Choo kikiziba, yeye mwenyewe, na familia nzima ikaenda kujisaidia kwa majirani mpaka akubali kushindwa. Kazi aliyoisomea ilikuwa kufundisha watu kuendesha magari, na huko hakuwa na mfano. Lakini ukimpa nyundo, mikono yake iligeuka kama ya kuazima.

Hewa ya chumvi haina adabu kwa nyumba za watu. Inakula misumari, inakula bawaba, inakula kufuli, na kutu ikishaingia kwenye bati haiombi ruhusa ya kuendelea. Ndiyo maana kabla ya kila masika wenye akili huzibua mifereji ya paa, hubadilisha misumari iliyooza, hupaka bati rangi ya kuzuia kutu na kuchungulia mbao kama mchwa hawajahamia. Miaka yote Mwenyewe alikuwa akipanda juu, anagonga huku na kule, kisha anashuka akijifuta jasho na kutangaza kwamba sasa hata gharika ije. Mwaka huu alikwenda dukani kununua bati na misumari, akarudi na makopo ya rangi.

Mkewe alikuwa barazani na cherehani yake, anashona sare za shule. Alizitoa pini mdomoni moja moja, na hiyo nyumba nzima iliijua kuwa ni dalili mbaya.

"Baba Watoto. Paa?"

"Paa liko juu, linaniona."

"Na mvua?"

"Mvua nayo iko juu. Wataelewana."

"Hela ya bati umeipaka ukutani."

"Ukuta unaonekana, mke wangu. Bati nani analiona? Kunguru?"

Mkewe aliitazama ile rangi ikishuka ukutani kwa michirizi. Akarudisha pini mdomoni, maana alichotaka kusema kisingefaa kusikika barabarani.

*

Mama yake Mwenyewe, ambaye wote walimwita Bibi, alilala chumba cha nyuma. Kiliongezwa baadaye, hela ilipokuwa imekwisha, kwa hiyo hakikuwekwa dari. Juu ni bati tupu, pembeni kidirisha kisichotosha hata paka mnene, na ndani giza la kupapasa hata saa sita mchana.

Bibi alikuwa na tatizo, na tatizo lenyewe lilisemwa kwa sauti ya chini. Alikuwa akikojoa kitandani. Lilianza masika ya mwaka juzi. Asubuhi moja mkewe Mwenyewe aliingia na chai, akakuta godoro limeloa chapachapa na Bibi amekaa kwenye kiti amejifunika shuka, anatazama ukuta.

"Mama, kumetokea nini?"

Bibi aliivuta shuka mabegani. Kisha alisema, "Uzee, mwanangu."

Basi. Tangu siku hiyo mkwewe alitandika nailoni chini ya shuka. Alimnyima chai jua likishazama. Alimpeleka zahanati, ambako daktari alimuuliza mlango ukiwa wazi na foleni ikisikiliza, "Bibi, unakojoa mara ngapi usiku?"

"Inategemea hali ya hewa," alisema Bibi.

Foleni ilicheka. Daktari aliandika dawa, na Bibi akazimeza, vidonge vikubwa vya kukwama kooni, bila kulalamika. Mama Duka wa nyumba ya pili, aliyeuza ile nailoni, hakuwa mtu wa kuuza kitu bila kujua kinakwenda kufanya nini, na alichokijua yeye mtaa ulikijua kabla ya adhana ya jioni. Watoto walipita dirishani kwa Bibi wakiziba pua. Wanawake wenzake, aliozoea kukaa nao kupiga soga, walianza kumtengea kiti cha plastiki badala ya mkeka.

Kiangazi kikiingia, Bibi alipona. Masika yakirudi, aliugua tena. Hakuna aliyejiuliza.

Mkewe Mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka. Godoro lililoloa ni zito kama maiti, na kila lilipoloa ni yeye aliyeliburuta hadi uani, akalificha nyuma ya shuka zilizoanikwa ili wapita njia wasione. Mgongo ulikuwa umeanza kumkataa. Safari hii hakusubiri. Alimpigia simu wifi yake aliyeishi mji mwingine, mbali na bahari, ghorofa ya tatu. Wifi alikubali kuja Jumamosi kumchukua mama yake akae huko mpaka mvua ziishe, na baada ya hapo wataona.

Hilo la "wataona" kila mtu alilielewa, na Bibi alilielewa kuliko wote. Kule ghorofani aliwahi kukaa. Hakukuwa na uani wala mlango wa kuegemea, na majirani walisalimiana kwa kufunga milango.

"Nitakwenda," alisema. Akaanza kukunja nguo zake, polepole, kama anayetumaini kuitwa.

Mwenyewe aliambiwa. Alirudi ukutani akapaka mahali alipokwisha kupaka, kisha akapaka tena.

*

Siku ya Ijumaa upepo ulibadilika. Mama Duka alitoka kibarazani kwake, akaweka mikono kiunoni.

"Mwenyewe! Mwaka huu hupandi? Au ndiyo tumeshazeeka?"

"Paa langu halina neno."

"Lina neno," alisema mkewe kutoka kwenye cherehani. "Jana nimeokota msumari kwenye ndoo. Umetoka juu."

Bibi alikuwa amekaa mlangoni, fimbo mapajani. "Mwacheni mwanangu," alisema haraka. "Paa liko sawa. Mimi ndiye nalala chini yake, nimesema liko sawa."

Mkewe Mwenyewe aliinuka. Alikuwa mwanamke wa mwili, na alipoinuka kwa hasira kiti kilimshukuru. Aliifuata ngazi ya miti iliyolazwa uani, akaiburuta mbele ya watu wote, akaiegemeza ukutani juu ya rangi mbichi.

"Ukuta wangu!" alilia Mwenyewe.

"Napanda mimi."

Mtaa ulisogea karibu. Hata kijana aliyekuwa akijaza gurudumu la baiskeli upepo aliacha. Mwenyewe alimtazama mkewe, akatazama majirani. Kisha akaitia nyundo kiunoni, akashika ngazi, akapanda.

Alikwenda vizuri mpaka kwenye ukingo. Akavuka, akatambaa taratibu mpaka bati za nyuma, akainua kichwa. Na hapo akasimama, au tuseme akaganda: magoti mawili, mikono miwili, makalio yametazama barabara.

"Kuna nini huko?" aliuliza mkewe.

"Nakagua."

Alikagua muda mrefu. Watu waliongezeka. Mtu mmoja alileta kiti. Nyundo ilimtoka kiunoni, ikateleza juu ya bati kwa kelele, ikatumbukia kwenye kopo la rangi.

"Baba Watoto, shuka."

"Nitashuka mwenyewe," sauti ilijibu, nyembamba. "Niacheni kidogo."

Lori la taka lilikuwa likipita. Dereva wake alisimamisha, akatoa kichwa dirishani, akatambua makalio ya mtu aliyemfundisha kazi.

"Mwalimu! Piga rivasi! Angalia kioo cha pembeni!"

Mtaa ulikufa kwa kicheko. Mama Duka alilazimika kushika nguzo. Juu ya bati Mwenyewe alifumba macho, na mkewe, aliyekuwa mmoja wa waliocheka, aliona mabega yake yanatetemeka. Kicheko kilimwishia mdomoni. Alijifunga kanga kiunoni, akavua ndala, akapanda.

Ngazi ilimvumilia hadi kipago cha mwisho. Alipokiacha kwenda juu, kikavunjika, ngazi yote ikalala ubavu, ikaukwangua ukuta wa chungwa kutoka juu hadi chini.

*

Alitambaa mpaka alipo mumewe, akakaa karibu yake. Bati lilikuwa la moto na la mchanga kwa kutu. Kutoka huku juu, aliona kwa mara ya kwanza kazi ya miaka yote ile ya kugonga-gonga. Makopo ya mafuta ya kupikia yaliyobondwa yakawa viraka. Lami iliyokauka ikapasuka. Kipande cha zulia. Mfereji wa maji ulijaa majani mpaka umeota mche. Penye bati zima palikuwa na msumari; penye tundu, hapana.

"Yesu na Mtume," alisema.

"Usiangalie."

"Hii ndiyo 'hata gharika ije'?"

"Nimekwambia usiangalie." Mwenyewe hakufumbua macho. "Mwaka jana nilipata kizunguzungu hapa hapa. Nusura nianguke. Nikashuka kwa tumbo, nyinyi mkadhani ninafuta vumbi. Tangu hapo nikiiona ngazi tu, miguu inakuwa si yangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme niitwe nani? Kila ninachokishika mnacheka. Hili la paa ndilo pekee ambalo mlikuwa hamlioni."

Mkewe alishika ukingo wa tundu lililokuwa karibu ili aegemee. Vidole vyake vilikuta kitu laini. Kitambaa kilikuwa kimesokomezwa kati ya bati mbili, kikabana. Alikigeuza. Kilikuwa cha bluu, chenye mstari mweupe, na mstari ule aliujua kwa kuwa aliushona yeye. Kilikuwa kipande cha sare ya shule. Bibi alikuwa akimwomba vipande vilivyobaki, "vya kufutia miwani." Naye alikuwa akishangaa mtu mmoja anafuta miwani kiasi gani.

Alikivuta. Kikatoka, kirefu, na kingine nyuma yake, na kingine. Mwanga ukaingia ndani ya tundu. Aliinama akachungulia.

Moja kwa moja chini yake kilikuwa kitanda cha Bibi. Na juu ya kitanda alikuwa Bibi mwenyewe, amesimama kwenye godoro kwa miguu yake ya mifupa, mkono mmoja ukutani, mkono mwingine umeinua fimbo iliyofungwa kitambaa kwenye ncha. Uso wake ulikuwa umetazama juu. Macho yao yalikutana.

"Rudisha vitambaa," alinong'ona Bibi. "Mvua inakuja."

Mkewe Mwenyewe hakurudisha. Alibaki amemtazama yule kikongwe, na vitu vikaanza kupangika kichwani mwake bila yeye kuvipanga: masika na godoro, kiangazi na kupona, vidonge, nailoni, kiti cha plastiki.

Aligeuka polepole. "Ulijua?"

Mumewe alifumbua macho. Aliliona lile tundu, akaona mahali lilipo.

"Nilishuku," alisema. "Mwaka jana. Nilihesabu kuta nikaona kama tundu liko juu ya kitanda chake... Nikajiambia hapana, ni mambo ya uzee. Sikutaka kujua zaidi ya hapo."

"Ukaniacha nimpeleke zahanati."

"Ndiyo."

"Na kesho ungeacha apandishwe basi."

Tone la kwanza lilianguka kwenye bati kati yao, nene, likafuka.

*

Ngazi ya jirani mmoja ilikuwa fupi, ya mwingine imeazimwa. Aliyewaokoa alikuwa dereva wa taka.

"Naleta lori ukutani, mwalimu. Mtashukia juu yake."

"Limejaa?"

"Limejaa. Ni laini."

Barabara ilikuwa nyembamba, na mvua sasa ilimziba dereva kioo. Mara ya kwanza aliukosa ukuta, mara ya pili nusura augonge mlango wa Mama Duka. Hapo kitu fulani kilirudi ndani ya Mwenyewe. Aliinua kichwa, akasahau yuko wapi.

"Simama! Nani kakufundisha kukata hivyo? Nyoosha. Nyoosha kwanza! Sasa rudi taratibu, kulia, kulia... Usiniangalie mimi, angalia kioo!"

"Mwalimu, rivasi hii hii ndiyo uliyonifelisha!"

"Na leo nakufelisha tena. Kulia!"

Lori lilikaa sawa chini ya ukingo. Mwenyewe alishika mkono wa mkewe, akashuka kwa matako mpaka mwisho wa bati, na wote wawili wakaangukia ndani ya maganda, chupa na mifuko iliyopasuka, mbele ya mtaa mzima uliokuwa umekataa kwenda kujikinga mvua kwa kuogopa kupitwa. Walipigiwa makofi. Mkewe alitoka na ganda la yai kwenye nywele na hakulitoa. Alikuwa na haraka ya kuingia ndani.

*

Chumba cha nyuma kilikuwa kikilia kama bomba lililofunguliwa. Bila vile vitambaa, maji yalishuka katikati ya godoro. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti, shuka mabegani, anatazama ukuta, kama asubuhi zile zote.

Mkwewe alisukuma kitanda kando, akaweka beseni, kisha akachuchumaa mbele yake.

"Mama. Umekunywa dawa za watu wagonjwa."

"Zilikuwa chungu kweli kweli."

"Kwa nini hukuniambia?"

Bibi alifikiri. "Huyu tangu mdogo mikono yake haimsikii. Baba yake alimcheka, walimu wakamcheka, na wewe unamcheka. Sikulaumu, hata mimi huwa nacheka, najifunika uso. Lakini akishuka kutoka huko juu alikuwa anatembea kama mtu. Ningesema paa linavuja, ungemcheka na hapo pia. Niliposema ni mimi, ulinihurumia. Nikapima. Nikaona kuhurumiwa nitakuweza, yeye kuchekwa hatakuweza."

"Na mimi je?" Sauti ya mkwewe ilipanda. "Mimi niliyeburuta godoro? Nimekunyima chai, Mama! Nimekutangaza mtaa mzima kama kikojozi!"

Bibi aliunyoosha mkono, akalitoa lile ganda la yai nyweleni mwake, akalitazama.

"Hapo nilikukosea," alisema. "Mgongo wako sikuuweka kwenye mizani."

Mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, anatiririka maji na harufu. Wanawake wale wawili walimwona, na hakuna aliyemkaribisha. Alisimama hapo mpaka aliposikia beseni limejaa, akaingia, akalibeba, akalimwaga, akalirudisha. Lilipojaa akalimwaga tena. Jioni nzima kazi yake ikawa hiyo, na hakumwaga hata tone mahali pasipo pake. Mkewe alimpigia wifi simu, akasema asije. Wifi aliuliza kama Mama amepona.

"Alikuwa haumwi," alisema, akakata simu kabla hajalia.

*

Asubuhi jua lilitoka kana kwamba halikuhusika. Mwenyewe aliamka kabla ya wote. Alikwenda kwa muuza vifaa akiwa na makopo ya rangi ambayo hayajafunguliwa, akabembeleza mpaka yakabadilishwa na bati, kisha akapita kwa fundi wa paa, fundi wa kweli mwenye ngazi ya chuma, akamwambia maneno ambayo hakuwahi kumwambia fundi yeyote: "Njoo, mimi siwezi." Fundi alidhani anataniwa, akamwomba arudie.

Aliporudi aliingia chumba cha nyuma, akalikunja godoro, akalitia kichwani. Mkewe alimfungulia mlango wa uani, kule lilikofichwa siku zote. Yeye alipita katikati ya nyumba, maji yakimchuruzika usoni, akatokea mlango wa mbele. Akalilaza juu ya ngazi iliyovunjika, mbele ya ukuta wake uliokwanguliwa, mahali ambapo mtaa wote ungeliona.

Mama Duka alikuwa akifagia. Aliona godoro, akashusha sauti ile ya upole ambayo watu huitumia kwa misiba ya wengine.

"Poleni jamani. Naona Bibi jana tena..."

"Bibi hajambo," alisema Mwenyewe. "Bibi ni mkavu. Paa langu linavuja."

"Unasemaje?"

"Paa langu linavuja!" Sasa alipaza sauti, na milango ikaanza kufunguka. "Lilivuja mwaka jana, lilivuja mwaka juzi, limevuja jana! Mama yangu hajawahi kukojoa kitandani! Nilijua na nikanyamaza! Paa bovu, fundi mbovu, mimi mwenyewe!"

Hakuna aliyecheka. Mama Duka alishika ufagio kama mtu aliyesahau unatumikaje. Mwenyewe alibaki amesimama katikati ya barabara, kifua kinapanda na kushuka, anangoja kicheko ambacho hakikuja, na hajui afanye nini bila hicho.

Nyuma yake fimbo iligonga kizingiti. Bibi alikuwa ametoka, ameegemea bega la mkwewe.

"Basi, wamesikia," alisema. "Hata samaki wamesikia. Sasa ligeuze hilo godoro. Umelilaza upande mbichi chini."